KITI KIMOJA, MAGARI MAWILI: USALAMA WA MTOTO MCHANGA GARINI

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Wiki iliyopita tulizungumza juu ya vyakula vya nyongeza vya mtoto aliyetimiza miezi sita. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi hudhani si la kliniki: kiti cha mtoto cha gari, na hasa namna ya kukitumia katika nyumba yenye gari zaidi ya moja.

Najua kuna mama anayesema, "Sista, mimi sina hata gari moja, sembuse mawili." Tafadhali usifunge redio. Hata wewe hupewa lifti na jirani. Shemeji huja na gari siku ya mazishi. Siku ya kutoka hospitalini na mtoto mchanga huita teksi. Maneno haya yanakuhusu wewe pia.

Nitaanza na mama mmoja aliyekuja kliniki kwetu kumleta mtoto achanjwe sindano ya surua ya miezi tisa. Mtoto alikuwa na bandeji kwenye paji la uso. Nilipouliza, mama aliinamisha kichwa. Alisema nyumbani kwake wana gari dogo, na mume wake ana gari la kazi. Kiti cha mtoto wanacho, tena kizuri. Siku hiyo baba alimpeleka mtoto mkubwa shuleni, kisha akaendelea na safari zake. Kiti kilikuwa nyuma ya gari lake. Mama naye alitaka kwenda sokoni, mwendo wa dakika kumi tu, akampakata mtoto kiti cha mbele huku wifi yake akiendesha. Bodaboda ikawakatia mbele. Wifi akakanyaga breki. Hakuna aliyegongwa, hakuna gari lililopata hata mkwaruzo. Lakini mtoto alichomoka mikononi akagonga dashibodi, akashonwa nyuzi tano.

Mama yule aliniambia neno ambalo sijalisahau. Alisema, "Sista, kiti tulikuwa nacho, lakini kilikuwa kimeenda kazini."

Hilo ndilo somo letu la leo. Kununua kiti ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kuhakikisha kwamba kila mtoto anapoingia garini, kiti kimeingia pamoja naye.

KWA NINI MIKONO YA MAMA HAITOSHI

Akina mama wengi huamini kwamba hakuna mahali salama kuliko kifuani mwa mama. Nyumbani ni kweli. Garini si kweli.

Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila kilicho ndani yake kinakwenda kwa mwendo huo huo, hata mtoto aliyelala. Gari likisimama ghafla kwa kugonga, mtoto yeye haachi kwenda. Nguvu ya kugonga kwa mwendo huo ni kama ya kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi, yaani kama ghorofa ya tatu. Kwa muda huo mfupi mtoto wa kilo 8 huwa mzito kama magunia kadhaa ya mahindi. Hakuna mama, hata awe na nguvu za kubeba mtungi wa maji kutoka mtoni, anayeweza kumshika.

Wengine hufunga mkanda mmoja kumzunguka mama na mtoto pamoja. Hii ni hatari zaidi. Gari likisimama, uzito wote wa mama humkandamiza mtoto kwenye mkanda.

Jambo jingine ni maumbile ya mtoto. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wa mwili wake. Ni kizito, na shingo inayokibeba bado ni laini. Ndiyo sababu mtoto mdogo anapaswa kukaa akitazama nyuma ya gari. Ajali nyingi mbaya ni za kugonga kwa mbele. Mtoto anayetazama nyuma hupokelewa na mgongo wa kiti, kichwa, shingo na mgongo vyote pamoja. Anayetazama mbele hushikiliwa mabegani, na kichwa chake hurushwa mbele.

Shirika la Afya Duniani linasema viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo vya watoto garini kwa kiasi cha asilimia 60. Sisi hapa Kenya hatuwezi kupuuza jambo hili. Kwa mwaka wa 2023 peke yake, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, ilihesabu zaidi ya watu 4,000 waliokufa barabarani. Wengi wetu tunakumbuka mwaka wa 2004, zile sheria tunazoziita sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa na matatu zikawekwa mikanda. Tulinung'unika, lakini tulijifunza kufunga mkanda. Lakini mkanda ule ulitengenezwa kwa mwili wa mtu mzima. Mtoto mdogo humpita shingoni na tumboni badala ya begani na kwenye nyonga. Mtoto anahitaji kiti chake.

KITI GANI KWA MTOTO YUPI

Kabla ya kufikiria magari, mfikirie mtoto. Chukua kijitabu chake cha kliniki, tazama uzito alioandikiwa mara ya mwisho. Uzito huo ndio utakaokuongoza.

Mtoto mchanga hadi kilo 13 hivi hukaa katika kiti cha kutazama nyuma. Vingi vya viti hivi vina mpini wa kubebea. Akikizidi hicho, yako makubwa zaidi yanayoweza kuwekwa kutazama nyuma au mbele. Usiwe na haraka ya kumgeuza. Asigeuzwe kabla ya miezi 15, na ni vizuri zaidi akiendelea kutazama nyuma hadi miaka miwili na zaidi, ilimradi hajapita uzito au urefu ulioandikwa kwenye kiti. Miguu yake ikigusa kiti cha gari na kukunjana, usiogope. Watoto hukunja miguu bila taabu.

Baadaye hutazama mbele akiwa amefungwa mikanda ya kiti chake, hadi kilo 18 hivi au zaidi kulingana na kiti. Kisha hukalia kiti cha kumwinua, ili mkanda wa gari umpite begani na kwenye nyonga. Huyu huendelea nacho hadi afike urefu wa sentimita 145 hadi 150 hivi. Kwa hiyo hata mtoto wa darasa la tatu huenda bado anakihitaji.

NYUMBA YENYE MAGARI MAWILI: NJIA TATU

Sasa tuje kwenye nyumba ya yule mama. Magari mawili, mtoto mmoja. Kuna njia tatu, na kila nyumba ichague kulingana na mfuko wake na safari zake.

Njia ya kwanza ni kila gari kuwa na kiti chake. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa hakuna kuhamisha na hakuna kusahau. Inafaa mahali ambapo wazazi wote wawili hupeleka mtoto karibu kila siku. Si lazima viti viwe vya bei moja. Kiti cha bei nafuu kilichofungwa vizuri ni bora kuliko kiti ghali kilichofungwa ovyo. Lakini vyote viwili viwe na alama ya kupimwa na vimfae mtoto kwa uzito.

Njia ya pili ni kiti cha mtoto mchanga chenye kitako kinachobaki garini. Mnanunua kiti kimoja na vitako viwili, kila kitako kinafungwa katika gari lake na kukaa humo. Kiti chenyewe hutoka na mtoto na kubanwa kwenye kitako cha gari lolote kati ya hayo mawili. Sikiliza mpaka kigonge na kushika. Uzuri mwingine ni kwamba viti vingi vya aina hii vinaweza pia kufungwa kwa mkanda wa gari bila kitako, kwa hiyo vinafaa katika teksi. Ubaya wake ni kwamba mtoto hukizidi mapema, wengi hata kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu.

Njia ya tatu ni kiti kimoja kinachohamishwa. Hii ndiyo nyumba nyingi za Kenya hutumia, na si vibaya. Lakini ina sheria moja ambayo nawaomba muishike kama mnavyoshika tarehe ya kliniki: kiti humfuata mtoto, hakilifuati gari. Jioni, gari likifika nyumbani, kiti hutolewa na kuwekwa ndani ya nyumba, karibu na mlango. Asubuhi, atakayempeleka mtoto ndiye hukichukua. Kiti kisiachwe ndani ya gari ambalo mtoto hatalipanda kesho.

KABLA YA KUNUNUA, JARIBU KWENYE MAGARI YOTE

Akina mama wengi hununua kiti kwa rangi. Wengine hupokea zawadi. Kisha wanagundua kwamba kinaingia vizuri katika gari la mama, lakini katika gari la baba mkanda haufiki. Muulize muuzaji kama unaweza kukijaribu katika magari yote mawili kabla ya kulipa. Akikataa, muulize kama atakubali ukirudishe.

Tazama mambo haya katika kila gari.

Kwanza, mkanda. Kiti cha kutazama nyuma hula mkanda mrefu. Magari mengine yana mkanda mfupi nyuma. Katikati ya kiti cha nyuma, magari ya zamani yana mkanda wa kiunoni tu, na viti vingi vya watoto haviruhusiwi kufungwa kwa mkanda huo. Soma kijitabu cha maelezo.

Pili, vyuma vya Isofix. Hivi ni vyuma viwili vilivyofichwa kwenye pengo kati ya makalio na mgongo wa kiti cha gari. Ingiza vidole upapase. Kama gari moja linavyo na jingine halina, nunua kiti kinachoweza kufungwa kwa njia zote mbili, kwa Isofix na kwa mkanda.

Tatu, nafasi. Kiti cha kutazama nyuma hulalia nyuma kidogo. Katika gari dogo huenda kikasukuma kiti cha dereva mrefu. Hapo kiweke nyuma ya abiria. Kwa kuwa sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara, mlango wa nyuma wa kushoto ndio ulio upande wa ukingo. Ni salama zaidi kumshusha mtoto huko kuliko upande magari yanakopita.

Nne, mfuko wa hewa. Kiti cha kutazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko huo hufumuka kwa nguvu nyingi na kuugonga mgongo wa kiti alipo kichwa cha mtoto. Unaweza kumuua hata kama ajali ni ndogo. Hili linahusu sana nyumba ambazo gari la pili ni pikapu isiyo na viti vya nyuma. Kama mfuko wa hewa wa abiria hauwezi kuzimwa, pikapu hiyo si ya mtoto mdogo. Mtoto apande lile gari jingine. Na huko nyuma kwenye mizigo hakuna mtoto anayepaswa kupandishwa, hata kama ni mwendo wa kwenda dukani.

KUHAMISHA KITI, HATUA KWA HATUA

Kila kiti kinapotolewa na kurudishwa, kuna nafasi ya kukosea. Wengi hukifunga vizuri siku ya kwanza, lakini siku ya ishirini hukifunga kwa haraka huku wamechelewa kazini. Fuata hatua hizi kila mara.

1. Anza mapema. Usimbebe mtoto kwa mkono mmoja huku ukifunga kiti kwa mwingine. Funga kiti kwanza, kisha umlete mtoto.

2. Kiweke kiti kikae bapa. Ondoa vitambaa vinene, mito na mifuko iliyo chini yake.

3. Pitisha mkanda mahali pake. Viti vingi vilivyotengenezwa kwa kanuni za Ulaya vina alama za rangi: buluu kwa kutazama nyuma, nyekundu kwa kutazama mbele. Mkanda ukipita njia isiyo yake, kiti hakishikwi.

4. Kandamiza kiti kwa goti au kwa uzito wa mkono, huku ukivuta mkanda mpaka ukaze. Mikanda ya magari mengine ukiivuta yote hadi mwisho, kisha ukaiachia irudi polepole, hujifunga isilegee tena. Jua mkanda wa kila gari lenu unavyofanya kazi, maana si sawa.

5. Kishike kiti pale mkanda unapopita, ukitikise. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5, yaani kama upana wa kidole gumba. Kikisogea zaidi, fungua uanze upya.

6. Mketishe mtoto, mgongo wake ukigusa kiti. Akitazama nyuma, mikanda ya mabega itoke kwenye tundu zilizo sawa na mabega yake au chini kidogo. Akitazama mbele, itoke sawa na mabega au juu kidogo.

7. Kaza mikanda ya mtoto. Jaribu kuufinya mkanda hapo begani kwa vidole viwili. Ukiweza kuukunja, bado umelegea.

Hapa nina neno kwa akina mama wa Limuru, Kinangop na kwingineko kwenye baridi. Najua mnavyomfunika mtoto: sweta juu ya sweta, kisha shali nene. Ndani ya nguo hizo mkanda huonekana umekaza, lakini wakati wa kugonga nguo hubonyea na mtoto huteleza akatoka. Mvue koti nene, mfunge mikanda ikiwa karibu na mwili, kisha mfunike blanketi kwa juu.

Na kwa akina mama wa Mombasa, Malindi na Kisumu: kiti kilichokaa garini juani huwaka. Kitandikie leso gari likiegeshwa, na uguse vyuma vya kifungo kwa mkono wako kabla ya kumketisha mtoto. Ngozi yake huungua haraka kuliko yako.

NANI ANA KITI, NANI ANA MTOTO?

Nyumba yenye magari mawili inahitaji mazungumzo. Usiku kabla ya kulala, mkiulizana habari za kesho, ongezeni maswali mawili. Kesho mtoto atapanda gari la nani? Na kiti kiko wapi?

Wote wanaoendesha wajue kukifunga. Si haki, na si salama, baba kuwa ndiye peke yake anayejua. Chagueni Jumamosi moja. Baba akifunge katika gari la mama, mama akifunge katika gari la baba, kila mmoja amkague mwenzake. Kama yaya humsindikiza mtoto, mfundisheni naye kwa upole, na mumpe nafasi ya kujaribu mara tatu nne. Asione aibu kusema hajui. Kijitabu cha maelezo kifungeni kwa uzi kwenye kiti chenyewe ili kisipotee.

Kuna hatari nyingine ambayo huja na kubadilishana magari, nayo ni ya kusahau. Mzazi ambaye kwa kawaida hampeleki mtoto, leo amepewa. Mtoto amelala nyuma, kimya, akitazama nyuma, haonekani. Mzazi anafuata njia yake ya kila siku mpaka kazini, anafunga gari na kuondoka. Si kwamba hampendi mtoto. Ni akili iliyozoea njia. Ndani ya gari lililofungwa juani, joto laweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi katika dakika 10 tu, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Kufungua kioo kidogo hakusaidii.

Kwa hiyo jizoezeni hivi. Weka mkoba wako, simu au kiatu kimoja cha kushoto kwenye kiti cha nyuma karibu na mtoto. Hutaenda mbali bila kurudi. Ukifika unakokwenda, fungua mlango wa nyuma kabla ya kufunga gari, hata siku ambayo mtoto hayupo. Na mkubaliane na mama wa chekechea au anayemtunza mtoto: mtoto asipofika kwa saa yake, apige simu mara moja. Usimwache mtoto garini hata kwa dakika moja ya kununua maziwa.

GARI LA NYANYA, TEKSI NA MATATU

Gari la tatu la nyumba nyingi ni la nyanya, shangazi au jirani. Hapa akina mama huona haya. Unawezaje kumwambia mama mkwe kwamba hutaki ampakate mjukuu wake? Sema kwa heshima, na mtupie daktari mzigo. Mwambie, "Mama, kliniki wametuambia mtoto asafiri kwenye kiti. Nimekileta, nitakifunga mimi mwenyewe." Nyanya akisema, "Sisi tuliwalea bila viti na mkakua," mjibu taratibu kwamba barabara za siku hizo hazikuwa na magari mengi na ya kasi kama ya leo.

Ukiita teksi, mwambie dereva mapema kwamba una kiti na unahitaji dakika tano za kukifunga. Muombe mkanda wa nyuma uwe unafanya kazi. Siku ya kutoka hospitalini baada ya kujifungua, hasa aliyefanyiwa upasuaji, si siku ya wewe kuinama na kuvuta mkanda. Baba au ndugu ajifunze kabla ya siku hiyo.

Ukipanda matatu bila kiti, fanya unaloweza. Chagua gari ambalo halijajaza kupita kiasi. Usikae mbele karibu na dereva. Funga mkanda wewe mwenyewe, kisha mshike mtoto nje ya mkanda, usimweke kati yako na mkanda. Njia hii haimlindi mtoto kama kiti, nami sitawadanganya. Lakini ni afadhali kuliko nyote wawili kurushwa. Na bodaboda, tafadhali, isiwe chombo cha kumbebea mtoto mchanga.

Mkipata ajali au breki kali na mtoto agonge kichwa, mpeleke hospitali haraka ukiona anatapika mara kwa mara, analala usingizi usio wa kawaida, anakataa kunyonya, anapata degedege, au anatoka damu au maji puani au masikioni. Usimpe dawa ya kumlaza.

KITI CHA MTUMBA

Najua viti vya mtumba viko sokoni, na bei yake huvutia. Nisikilize kabla ya kutoa pesa. Kiti kilichowahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali mbaya hakifai tena, hata kama hakina ufa unaoonekana. Muuzaji wa mtumba hawezi kujua kiti kilitoka wapi. Plastiki nayo huzeeka. Viti vingi vina muda wa miaka sita hadi kumi, na tarehe yake huchapishwa chini au nyuma ya kiti. Ni salama zaidi kupokea kiti kutoka kwa dada au rafiki unayemjua, anayeweza kukuhakikishia hakijapata ajali. Hakikisha kina lebo yake, mikanda haijachanika, kifungo kinashika, na hakuna sehemu iliyofungwa kwa waya au kamba. Usimpelekee fundi ashone mikanda upya.

Neno la mwisho kuhusu kiti chenyewe: ni cha safari, si kitanda. Mtoto mchanga akikaa muda mrefu amejikunja, kidevu hugusa kifua na pumzi huwa nzito. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia. Katika safari ya kwenda mashambani, simameni kila baada ya saa mbili, mtoeni, mumnyonyeshe, mumnyooshe. Mkifika nyumbani, mlaze kitandani kwake chali.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Mikono haimshiki mtoto gari linapogonga.
- Kiti humfuata mtoto, hakilifuati gari.
- Mtoto mdogo atazame nyuma, na asiwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.
- Jaribu kiti katika magari yote kabla ya kununua.
- Kila anayeendesha ajue kukifunga, na akitikise kila mara.
- Fungua mlango wa nyuma kabla ya kufunga gari na kuondoka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba yako, wiki hii mtoto alipanda magari mangapi? Katika mangapi alikuwa na kiti?
2. Ni nani katika familia itakuwa vigumu kumweleza jambo hili, na utamwambiaje?
3. Kikundi chenu cha akina mama kinaweza kuchanga pesa na kununua kiti kimoja cha kuazimana siku za kutoka hospitalini? Nani atakitunza?

Wasikilizaji wapenzi, yule mama alirudi kliniki mtoto alipofikisha miezi 18, kwa sindano ya pili ya surua. Kovu lilikuwa limefifia, unaliona tu ukilitafuta. Nilimsindikiza hadi nje, nikamwona akimfunga mtoto kwenye kiti, akakitikisa mara mbili kabla ya kuingia. Aliniambia kwamba siku hizi kiti hulala sebuleni karibu na mlango, na baba hawezi kutoka asubuhi bila kukiruka. Huuliza kwanza, "Leo mtoto ni wako au wangu?" ndipo huchukua ufunguo.

Nanyi mkaulizane hivyo usiku wa leo. Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto na namna ya kuwapa maji ya chumvichumvi na madini ya zinki. Mpaka wakati huo, wasafirisheni watoto salama. Kwaherini.